Ulimi wa Mkaguzi

Siku ya kwanza kuingia kazi ya simu ya waya hapa Amu, karani mkuu alinipa ncha ya waya akaniambia, "Onja." Nikaonja. Ukaniuma, mchachu kama ukwaju mbichi, nikaruka. Ofisi nzima ikacheka. Ninyi mnaotengeneza redio za ndege ndogo pale Manda mna kidude cha sindano cha kuwaonyesha umeme uliko. Sisi tulikuwa na ulimi. Ukisikia uchachu, umeme wafika. Usiposikia kitu, ndia imekatika nyuma yako.

Umeme wenyewe ulitoka kwenye mitungi ya kioo, ndani maji ya nushadiri na kipande cha zinki. Nushadiri ile ile aliyotunusisha mama tukishikwa na mafua, Mungu amrehemu, mkono wake ulikuwa mzito. Basi.

Nilipelekwa Witu, kisha nikarudishwa Amu chini ya mkaguzi wa nyaya, Mgoa, mtu wa Goa kule Uhindini, mnene, mkali, aliyeanzia kazi juu ya nguzo kama sisi.

Mwaka mmoja mvua ilikataa, mahindi ya Kililana yakakauka shambani. Meli ya mchele ilikuwa Mombasa, ikingoja tu simu yetu ya kusema twautaka. Isipopata neno kabla ya alasiri, ingepita moja kwa moja hadi Kismayu. Asubuhi hiyo simu ikafa.

Karani akabaki akisukuma umeme kutoka Amu. Sisi tukavuka maji hadi bara, kwenye kisanduku ambapo waya wa baharini huungana na waya wa nguzo kwa misumari miwili ya shaba.

"Onja," mkaguzi akaniambia.

"Bwana, nimefunga. Ni Ramadhani."

"Umeme si chakula!"

Mwenzangu Abudi akadakia, "Lakini una ladha, Bwana. Na mate yakishuka?"

Mkaguzi akatutazama, akalitazama jua. Akavua viatu, akapiga magoti topeni, akatoa ulimi.

"Msumari wa huku, wa baharini, mchachu."

"Na wa kule, Bwana?"

"Bure kabisa."

"Onja tena," Abudi akasema, "usije ukatudanganya na wewe umekunywa chai."

"Kelele, we! Leta kisu!"

Basi ubovu ulikuwa mle mle kisandukuni. Chumvi ilikuwa imeila shaba, kutu ya kijani imejaa. Nikakwangua mpaka ikang'aa, nikakaza, nikapaka nta. Mkaguzi akaonja tena, akaruka, akatukana kwa Kigoa, nasi tukashangilia.

Neno likafika Mombasa kabla ya alasiri, na meli ikaja. Tulimpelekea mkaguzi futari ya wali wa ule mchele. Akala, akilalamika kwamba ulimi wamuwasha.

Sasa nimestaafu. Wakubwa nilikuwa nao wengi, wenye kofia na wenye bakora, na wengi nimebaki na vyeo vyao tu, sura zimenitoka. Lakini huyu namwona hadi leo, magoti topeni, ulimi nje, na nti nzima yenye njaa yangoja aseme ni mchachu au si mchachu.