Picha ya Bibi Yake Atupele

Jamani, hili nilikuwa sitaki kulisema, lakini kwa vile kijiji kizima cha Ipyana wanalijua na wengine wananiita "Msiba" mpaka leo, bora mlisikie kwangu mwenyewe.

Mnajua nina studio hapa Kyela mjini, na mnajua nilivyopagawa na zile picha za taa moja ya pembeni, nusu ya uso inawaka na nusu inazama gizani (wateja wanalalamika nimewala shavu, mimi nawaambia hiyo ndiyo sanaa). Sasa mchumba wangu Atupele alikuwa ameshanionya kwamba kwao hakuna posa inayopita bila bibi yake kuridhia, basi bibi alipokuja mjini nikamkalisha studio, nikampiga moja ya nyeusi na nyeupe, nikaitia kwenye fremu kubwa ya dhahabu, nikasema hapa mke nimeshapata.

Siku ya kuipeleka nikavaa shati jeusi na suruali nyeusi, nguo zangu za kazi (mpiga picha akivaa nyeupe anarusha mwanga ovyo), nikapanda bodaboda kwenda Ipyana. Karibu na kwa bibi barabara ilikuwa tope tupu, nikaogopa kuanguka na kioo, nikashuka, nikaishika picha kifuani kwa mikono miwili, uso umetazama mbele ili vifungo vya shati visikwaruze kioo, na dereva akanifuata nyuma polepole, taa inawaka. Hebu nionyesheni tofauti yangu na mtu anayetangulia jeneza! Msalaba tu ndio haukuwepo.

Mzee mmoja akavua kofia. Nikadhani ananipa heshima ya mkwe mtarajiwa, nikamwitikia kwa kichwa, taratibu, tena nimekunja uso. Bajaji ikapunguza mwendo, ikajiunga nyuma na taa zake. Halafu Mama Lugano, jirani wa bibi, akaiona picha, akajifunga kanga kiunoni, akapiga yowe, "Yooo! Bibi ametuacha!" na wanawake wakamiminika kutoka migombani wakilia, mimi nageuka huku na huku nasema hapana, si hivyo, nani anisikie? Nikaona posa yangu ndiyo inakwenda kuzikwa, na picha nimeshika mwenyewe.

Tukaingia uani hivyo hivyo. Bibi alikuwa anageuza kakao yake juani, akainua kichwa.

"Nani amefariki?"

Vilio vyote vilikatika. Bibi akasogea, akaikagua picha kwa karibu.

"Kumbe ni mimi! Na huu upande mwingine mmeshauzika?"

Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akamshika mkono Mama Lugano (walikuwa hawasalimiani tangu kuku wa huyu mama walipokula mpunga wa bibi), akamwambia, "Unanilia hivi, na salamu unaninyima?" Watu wakaangua kicheko.

Tangu siku ile picha ya mteja haitoki kwangu bila kufunikwa kanga, na nguo nyeusi naziacha studio. Ile ya bibi imetundikwa sebuleni kwake. Aliipokea mwenyewe mikononi mwangu, akaifuta vumbi, akaniambia, "Hii ndiyo itakayotangulia siku yangu ikifika. Ila kwetu picha hubebwa na mjukuu, si mpita njia. Sasa mlete baba yako Jumapili tuzungumze."