Kufuli la Mtani

Enzi zile, ukitaka kujua kama Mama Huruma ameshafika sokoni Newala, ulisikiliza tu anavyotukanwa.

"We mtumwa! Ming'oko ya leo umeichemshia machozi? Maji umeyapata wapi?"

"Nimekamua hilo shati lako, mla panya we!"

"Na nani huku asiyekula panya?"

"Wewe unawala na mikia."

Watu wanacheka, siku inaanza. Aliyemtukana alikuwa Filemoni, fundi baiskeli, aliyetandika spana zake juu ya gunia hatua chache kutoka kwenye ungo wa mama huyo. Mama Huruma, jina lake hasa Yuliana, aliuza ming'oko, ile mizizi ya porini iliyo myembamba kama vidole, inayochimbwa kwa jasho na kuchemshwa kwa maji ya kununua. Filemoni akipita aliichota bila kuuliza. Yuliana naye alinyanyuka, akachukua pampu ya baiskeli, akaikalia mpaka wateja wa mwenzake waanze kulalamika. Mgeni angeita wizi. Wenyeji walijua: ukoo wa baba yake Yuliana na ukoo wa Filemoni walikuwa watani tangu kwa mababu, na kwa mtani hakuna kuomba.

Tena kulikuwa na kubwa kuliko ming'oko. Mumewe Yuliana alipofariki, siku ya pili ya matanga Filemoni alitoka ndani amevaa koti la marehemu, anachechemea vilevile alivyochechemea marehemu, anaita, "Mama Huruma, uji wangu umepoa!" Yuliana, aliyekuwa hajala wala hajasema neno, akacheka mpaka akaanguka. Halafu akalia. Halafu akala. Jambo hilo hakulisahau.

Basi miaka ikaenda hivyo. Mama yake Yuliana akafia kwao Lisekese, kule Masasi.

Watu wa Newala walishuka kwenda kuzika, na Filemoni akiwamo. Jeneza lilipokuwa linatolewa, Yuliana aliingia chumbani kuchukua kanga ya mama yake, ile aliyoagiza azikwe nayo. Filemoni akaona nafasi. Akavuta mlango, akapiga kufuli, funguo akatia mfukoni.

"Mtumwa haendi makaburini leo!" akatangaza. "Atabaki atupikie!"

Wa Newala wakacheka. Wa Lisekese wakatazamana.

Alikusudia afungue baada ya hatua kumi. Lakini mbingu ilikuwa imefunga kwa mawingu, padre anahimiza, na mara bega lake likahitajika kwenye jeneza. Akabeba. Njia ya makaburini inapita katikati ya mikorosho, watu wanapokezana bila kusimama. Yuliana ndani anapiga mlango, anapiga kelele. Waliobaki uani walimsikia vizuri sana. Lakini msibani, nani anashtuka kusikia mwanamke analia?

Filemoni alipokumbuka, kaburi lilikuwa limeshajazwa. Alirudi mbio, akafungua. Yuliana alikuwa amekaa sakafuni, kanga mapajani.

"Mtani," Filemoni akaanza, akijaribu kucheka. "Si utani tu?"

"Wamemtupia udongo wote?"

Filemoni akapangusa udongo mikononi.

"Na mimi wa kwangu niutupe wapi?"

Siku iliyofuata Yuliana alikwenda kaburini peke yake, akatupa udongo juu ya udongo. Alisema baadaye kwamba ilikuwa kama kubisha hodi nyumba iliyohamwa.

Alipopeleka madai mahakama ya mwanzo, Newala nzima ilimshangaa. "Mtani hashtakiwi, Mama Huruma. Tutachekwa mpaka Ndanda." Hata binti yake Huruma alimsihi. "Mama, si atakuwa amekufa kwako huyo mtu? Nani atakuchekesha?" Yuliana alijua hivyo. Usiku hakulala vizuri kwa kujua hivyo. Lakini kila aliyemwambia "utani tu" alikuwa kama anapiga lile kufuli tena. Alitaka mtu mmoja mwenye mamlaka aseme, mbele za watu, kwamba kilichofanyika kilikuwa kosa.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, sauti ndogo. Kulia kwake alikaa Bi Hajira, mzee wa baraza, aliyeketi pale kushauri mambo ya mila.

"Mdaiwa," hakimu alisema, "ulimchukia mama huyu?"

"Hata kidogo, mheshimiwa. Nampenda kuliko dada zangu."

"Ulitaka akose maziko?"

"Mungu anaona, hapana."

Yuliana akadhani ameshashindwa. Moyo wake, ajabu, ukapata nafuu kidogo: basi mtani wake angebaki.

"Kufuli lilijifunga lenyewe?"

"Hapana."

"Upepo ulivuta mlango?"

"Nilivuta mimi."

"Ulikusudia abaki ndani, hata kama ni kwa hatua kumi?"

Filemoni akatazama kofia yake. "Nilikusudia."

"Hilo ndilo kusudi ninalolitafuta. Sheria haikuulizi ubaya wa moyo, inakuuliza mkono wako ulitaka kufanya nini. Ulitaka kumfungia, ukamfungia, na kwa kufungiwa huko akakosa kumzika mama yake. Kilichobaki ni kimoja: je, aliridhia?"

"Utani ndiyo ridhaa, mheshimiwa! Mwulizeni ming'oko mingapi nimekula!"

Watu wakacheka. Yuliana naye, kicheko kikamponyoka. "Hiyo nilikuwa nampa kwa kunyamaza," alisema. "Na pampu yake alinipa hivyohivyo. Hiyo siidai."

Hapo Bi Hajira akaomba kuuliza.

"Filemoni, marehemu alikuwa nani wako?"

"Mama wa mtani wangu."

"Sikukuuliza mama wa nani. Wako wewe?"

Filemoni akageuza kofia mikononi.

"Ukoo wake na wenu mnataniana?"

"Hapana, bibi. Sisi ni watani wa upande wa baba yake."

"Na huku kwetu mtu ni wa ukoo wa mama. Msiba wa mama una wenyewe. Uliingia na utani wako kwenye nyumba isiyokualika."

"Sikujua," Filemoni alisema polepole. "Nilidhani utani unamfuata mtu kila aendako, kama jina lake."

"Nakuamini," hakimu alisema. "Lakini kudhani kwako hakuwi kuridhia kwake. Na hata angekuwa mtani pande zote mbili, ridhaa ya kuchotewa ming'oko si ridhaa ya kufungiwa chumbani mama yake akizikwa."

Akaamuru fidia, si kubwa. Yuliana aliitikia kwa kichwa. Neno alilolitaka lilikuwa limesemwa, na hakulijutia hata mara moja, si siku ile wala leo.

Filemoni alilipa bila kuchelewa. Jumatatu yake akafika sokoni, akatandika gunia. Yuliana alikuwa ameshakaa. Filemoni akavua kofia.

"Shikamoo, Mama Huruma."

Yuliana akangoja kitakachofuata. Hakikufuata kitu.

"Marahaba," akasema. Kisha akapaza sauti ili soko lisikie: "Nani kakunyoa hivyo, mla panya? Kuku kakuparua?"

Filemoni akapapasa kichwa chake kwa adabu.

"Ni kweli, dada," akajibu. "Nitanyoa vizuri."