Meza Moja Chini

Ratiba ya mtihani ilibandikwa Ijumaa, na chumba chetu kilikuwa ghorofa ya pili. Lifti hakuna, nami natembea kwa kiti cha magurudumu. Muhula uliotangulia wenzangu wanne walinibeba hadi juu kama gunia la ndengu, sketi ikapanda, wakacheka kwa wema tu, nami nikacheka nao huku nikitamani kulia. Nikaapa sitabebwa tena. Lakini ningeukosa mtihani huu, ningerudia mwaka mzima.

Jumamosi sikutulia. Nilienda ofisi ya idara, nikakuta kufuli. Nikarudi bweni, nikatoka tena bila kujua naenda wapi, magurudumu yakizama mchangani, viganja vikiwaka moto. Nilimpigia mama huko Zombe, akaniambia nimwachie Mungu. Nikamkatia simu kwa hasira, kisha nikaona haya.

Jumapili baada ya ibada, vijana wa ushirika wa Kikristo wakaja chumbani kuniombea. Mwenyekiti wao, ambaye tulisoma naye darasa moja, akaniwekea mikono magotini.

"Amini tu, sista. Kesho utapanda hizo ngazi wewe mwenyewe."

Maombi yakapamba moto. Nilivumilia mpaka mmoja akanihimiza nijaribu kusimama. Hapo nikafoka:

"Hiyo mikono si inaweza kubeba meza? Nishushieni meza moja chini, na mimi nifanye mtihani kama watu!"

Mwenyekiti akasema "Amina" kwa sauti ndogo, wakatoka mmoja mmoja.

Jumatatu nilifika saa moja na nusu. Meza ilikuwa pale chini, barazani, imepanguswa vumbi, juu yake kijiwe cha kuzuia karatasi zisipeperuke. Mwenyekiti alikuwa bado anahema. Alikuwa amemwomba msimamizi ruhusa na kukubaliwa.

"Tumeshusha, sista," akasema, uso umemjaa furaha.

Nikamshukuru, tena kwa moyo wangu wote. Kisha akapanda ngazi kuwafuata wengine.

Niliandika peke yangu, upepo ukinisumbua, msimamizi akishuka mara moja moja kunichungulia. Huko juu nilisikia viti vikikwaruza sakafu, na mara moja darasa zima likicheka, sijui nini. Mtihani niliupita. Lakini nyuma yangu kulikuwa na chumba kikubwa cha chini, mlango wazi, kitupu asubuhi yote, nasi sote tungeenea humo. Siwezi kuwalaumu. Meza moja ndiyo niliyoomba.