Rufaa ya Goti Lililopona

Nilirudi Uvira na diploma ya sheria niliyoisomea Mbarara, nikajenga nyumba ya matofali ya kuchoma kwa jasho langu, na wanaonifahamu wanajua sikubebwa na mtu. Nasema hivi mapema ili ieleweke kwamba rufaa ninayoisimulia haikuanguka kwa sababu mwandishi wake hakujua kazi. Kazi niliijua. Nilipokuwa bado naishi Rubondo, upande wetu wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wanajeshi wastaafu wa Uganda walitoka Rwekubo, wenye nchi yao, wakaja kuandikiwa rufaa na mkimbizi.

Walikuwa wakidai posho ya ulemavu. Kamati ya madaktari ilikuwa imewaambia kwamba majeraha yao ni madogo mno, na waliokataliwa walikuwa na nafasi ya kukata rufaa kwenye baraza lililoketi Mbarara. Nilisoma kila uamuzi wa baraza ulionifikia, wa walioshinda na wa walioshindwa, mpaka nikaona jambo ambalo wengine hawakuliona: baraza halikujali maumivu. Mtu akisema anaumia sana, waliandika mstari mmoja wakapita. Akisema hawezi kubeba jerikani ya maji kutoka kisimani hadi nyumbani kwake, waliacha kuandika wakamtazama. Basi niliwafundisha wazee wale: usilie, sema huwezi nini. Wengi walishinda.

Huyu wa kwetu alikuwa mume wa shangazi yangu, yule aliyenilea tangu vita vya tisini na sita vilipotutoa Uvira, Kivu Kusini. Alikuwa Mnyankore, mwenyeji wa eneo lile, askari mstaafu, na tulimwita Afande hata wakati wa kula. Vipande vya bomu vilikuwa vimebaki ndani ya goti lake. Kidonda kilifunga wakati wa kiangazi, mvua zikianza kikafunguka, na harufu yake ilimtangulia mlangoni. Posho yenyewe hakuitolea macho. Lakini aliyepewa posho alipata pia haki ya kupasuliwa katika hospitali ya jeshi, na bila kupasuliwa mguu ungeendelea kuoza. Sote tuliona ulikokuwa unaelekea.

Dai lake la kwanza lilikataliwa kwa maneno yake mwenyewe. Shangazi alikuwa amempeleka katika kanisa letu dogo, akaokoka, wakamwekea mikono goti lile. Kwetu sisi walokole, mtu akishaombewa hakiri tena ugonjwa. Anaweza kuwa anatetemeka kwa homa, lakini ukimwuliza hali atakujibu kwamba amepona kwa jina la Yesu. Kusema vingine ni kumkana Bwana mbele za watu. Kila Jumapili Afande alisimama akiegemea benchi, akashuhudia kwamba amepona. Daktari wa kamati alipomwuliza anaendeleaje, akapewa ushuhuda uleule wa kanisani, naye akauandika ulivyo.

Katika rufaa nililieleza baraza kwamba hayo yalikuwa maneno ya imani, si maelezo ya hali ya goti. Sijaandika rufaa nyingine nzuri kama ile.

Siku moja kabla ya kusikilizwa tulifikia Ruti, mtaa wa Mbarara, kwa muumini mwenzetu, na jioni nikampa Afande mazoezi.

"Wakikuuliza kama umepona, utasemaje?"

"Nitasema siwezi beba jerikani."

"Hawajauliza jerikani. Wameuliza kama umepona."

Akanitazama kama ananikagua kwenye gwaride. "Wewe mtoto ya vitabu, unataka mimi niite Mungu muongo juu ya goti?"

"Si goti hilohilo limetuleta huku?"

Shangazi, aliyekuwa akiosha kidonda kwa maji ya chumvi, alicheka bila kuinua kichwa. "Umuache, mwanangu. Huyu hata njaa ikimukamata, anaipigia saluti."

Asubuhi tulikuta baraza limeketi nyuma ya meza ndefu. Mwenyekiti alikuwa daktari mwenye cheo cha jeshi. Aliipitia rufaa yangu taratibu, kisha akauliza nani ameiandika. Nikasimama.

"Wewe ni mkimbizi?"

"Mkimbizi mwenye diploma, mheshimiwa."

"Umeandika vizuri," akasema, na watu wote waliokuwa chumbani walimsikia. "Nakubali kwamba mlokole anaweza kusema amepona akiwa bado mgonjwa. Lakini siwezi kumsemea." Akamgeukia Afande. "Mzee, hapa si kanisani. Niambie kwa mdomo wako. Goti limepona au halijapona?"

Nilijua tumeshinda. Lilibaki neno moja tu. Afande aliweka fimbo kwenye kiti, akajiinua wima, mikono ubavuni, jasho likimtiririka nyuma ya masikio. Nyuma yetu shangazi alikuwa akitembeza midomo. Alikuwa akiomba mumewe aseme, au asiseme? Sijawahi kujua.

"Yesu aliniponya, afande."

"Nauliza goti."

"Aliponya yote. Goti tu ndiyo haijapata habari."

Karani alicheka. Wajumbe wawili nao wakacheka. Mwenyekiti hakucheka. Aliinama mbele, akauliza kwa upole, kama mtu anayemfungulia mwenzake mlango, "Kwa hiyo halijapona?"

"Limepona, afande."

Uamuzi ulikuwa mfupi. Mkata rufaa aliulizwa waziwazi, akapewa nafasi ya kujirekebisha, akasisitiza kwamba amepona. Baraza haliwezi kuona ulemavu ambao mwenyewe anaukana. Njia ya kwenda juu zaidi ilikuwepo, ila alitakiwa kuapa kwa maandishi kwamba hajapona. Niliandaa kiapo, nikamwekea mapajani. Akanirudishia.

"Uliandika vizuri, mtoto. Sasa wacha."

Mvua zilizofuata ziliufungua mguu na haukufunga tena. Weusi ulipanda hadi pajani. Waliokuja kumjulia hali aliwajibu kwamba amepona, mpaka asubuhi aliyoshindwa kujibu.

Kwetu kabla ya kuzika husomwa maisha ya marehemu, na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa na elimu, kazi hiyo nilipewa bila mjadala. Shangazi alinifuata jikoni, akanishika mkono.

"Andika ni homa. Usiandike muguu. Bantu ba kanisa banasikia, bale baliombea goti."

Nilisoma alikozaliwa, vikosi alivyopigania, siku alipobatizwa. Kisha nikasoma kwamba amekufa kwa goti alilojeruhiwa vitani, ambalo halikupona. Nikalirudia kwa Kinyankore ili ndugu zake wasikie. Mchungaji alianzisha wimbo kabla sijakunja karatasi.

Watu walipokuwa wakila, shangazi aliniletea sahani yeye mwenyewe, kama alivyofanya tangu utoto wangu.

"Sasa umeishinda rufaa yako?"

Nikamwambia ndiyo. Ndivyo nilivyoona, na ndivyo ninavyoona. Aliweka sahani chini karibu na miguu yangu, akaondoka.

Siku niliyorudi Uvira nilipita kwake kuaga. Mlango ulikuwa umefungwa. Nilibisha, nikataja jina langu, nikasubiri. Alikuwemo; nilimsikia akifagia.