Darasa la Kuondoa Woga wa Maji

Wenzangu wa ofisini walipanga tukajifunze kuteleza mawimbini kwa ubao huko Diani. Mimi naogopa maji, kwa hivyo nikatafuta darasa la kuondoa woga kwenye bwawa moja Spring Valley. Nilifika nimechelewa, nikakuta wanawake wako majini hadi mabegani.

"Una miezi mingapi, dada?" mwalimu akaniuliza.

"Miwili," nikasema, maana ndio muda niliokuwa nimejizoeza nyumbani kusimama kwenye ubao.

"Pumua polepole. Mwili wako unajua kazi yake."

Nikapumua, nikaelea, nikajiona shujaa.

"Na baba atakuwepo siku yenyewe?"

Nilishangaa. "Baba yuko Machakos. Nitasimama peke yangu juu ya ubao."

"Ubao gani?"

Wale wanawake wakaanza kupanda ngazi za bwawa, kila mmoja ameshikilia tumbo lake kubwa.