Pilipili ya Kutafuna

Siku ya kwanza Ambindwile Mwasomola alidhani ni mchanga. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba yake huko Kisondela, saa kumi jioni, bakuli la ndizi na maharage magotini. Tonge la tatu likalia mdomoni: kru. Akasimamisha taya. Akatafuna tena polepole, likalia tena: kru, kru. Mchanga haulii hivyo, mchanga hukwaruza. Hiki kilikuwa kinavunjika kama kijifupa. Alipoangalia bakuli akaona mafuta mekundu yamezizunguka ndizi, na ndani ya mafuta vipande vidogo vya kahawia, vingine vyeusi, visivyo na umbo la kitu anachokijua.

Halafu ulimi ukaanza kufa ganzi.

Kuwaka kwa pilipili alikuzoea, maana pilipili kichaa alizipanda mwenyewe nyuma ya choo. Hii ilikuwa nyingine. Ncha ya ulimi ilichezacheza kama mguu uliokaliwa muda mrefu, na midomo ikafuata. Akatema kwenye shina la mgomba, akasukutua mara tatu, akakaa akiusikiliza ulimi wake. Alikuwa na miaka sitini na miwili, na baadhi ya watu aliowahi kuwazika walisemekana walianza hivyo hivyo.

Chakula kile kilipikwa na Tusekile, mke wa mwanawe Ackson.

Hapo ndipo shida ilipokaa. Mtu mwingine angeita tu, "Mama, umeweka nini humu?" na mambo yangeishia hapo. Ambindwile hakuweza. Kwa Wanyakyusa wa umri wake, baba mkwe na mke wa mwanawe hawatazamani wala hawasemezani. Tusekile akisikia kikohozi chake njiani huingia migombani na kugeuza uso. Ambindwile naye hakutoka nje bila kukohoa kwanza. Watu wa mjini walishaanza kuliacha jambo hilo, na Ackson mwenyewe alilicheka, lakini Tusekile alilelewa Suma kwa bibi yake na alilishika kama alivyolikuta. Nyumba zao mbili zilitenganishwa na uzio wa matete, hatua kumi tu, hata mmoja akipiga chafya mwenzake alisikia. Hata hivyo neno la kutoka upande huu kwenda ule lilipitia kwa Subilaga, dada mkubwa wa Ambindwile, mjane aliyekaa nyumba ya tatu. Bakuli la chakula nalo lilipita mikononi mwake.

Kushuku hakukuanza siku ile. Miaka ishirini na miwili Ambindwile alifanya kazi kiwanda cha chai, na kazi yake ilikuwa kusimama mezani na kuondoa kwenye majani kila kisichotakiwa: vijiti, manyoya ya ndege, mara moja mkia wa mjusi. Alipoiacha, macho yalibaki kazini. Halafu zikaja zile siku za ruksa, maduka yakajaa kwa ghafla vitu vilivyokuwa havionekani miaka mingi. Wenzake walifurahi. Yeye aliona sabuni isiyotoa povu, betri zilizokufa siku ya pili, na viatu vilivyoacha soli kwenye tope huku mguu ukiendelea na safari. Tangu hapo akawa hanunui kitu bila kukinusa. Hata kwenye harusi aliwaacha wengine waanze kula, akawaangalia kidogo, ndipo akanawa.

Chakula cha Tusekile alikuwa hajakinusa hata siku moja. Mwaka mzima alikila, akanenepa, akatoboa tundu jipya kwenye mkanda. Ndiyo maana bakuli lile jekundu lilimuuma kuliko viatu.

Siku ya pili mafuta mekundu yakaja tena, juu ya magimbi. Ambindwile akatazama huku na huku, akawamwagia kuku. Kuku wakala wakapangusa midomo kwenye majani. Akawakalia hadi walipopanda kulala, na asubuhi wote wakashuka wazima. Hilo halikumtuliza, maana kuku wana tumbo lao. Yeye akawa anaishi kwa ndizi mbivu na maziwa mgando, na kila jioni alimrudishia Subilaga bakuli jeupe kabisa na kushukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwambie ndaga." Mayai ya kuku wale aliyaangalia kwenye jua kabla ya kuyala. Baadaye akaacha kuyala.

Mambo yakaenda hivyo siku kumi na tisa. Siku ya ishirini, Alhamisi, Subilaga akaja bila bakuli.

"Gwe Ambindwile," alisema hata kabla ya kukaa, "kati yako na kuku, mkwe wa Tusekile ni nani?"

Ambindwile akaangalia vidole vya miguu.

"Nakuuliza. Jogoo wako mweupe amevuka uzio ana ndevu nyekundu, na kipande cha ndizi mdomoni."

"Jogoo anadokoa."

"Anadokoa bakuli zima! Wewe meno yako ulimwazima nani? Ile ni pilipili ya Wachina. Ackson alipokuja likizo kutoka kwenye kazi yao ya barabara alimletea chupa, akamwambia hii ndiyo wanayokula wenye kazi. Mtoto wa watu akajinyima, akasema kitu kizuri kiende kwa Baba. Ile pilipili inalia ikitafunwa, unajua? Kila jioni anakaa nyuma ya matete anasikiliza kama umeipenda. Tangu ile siku ya kwanza hajasikia kru hata moja. Anasikia kuku."

Ambindwile akamtazama jogoo.

"Sasa anafunga furushi. Jumamosi anarudi kwao Suma."

Alijua maana yake. Baba mkwe anayekataa chakula cha mke wa mwanawe amekwisha kumwita mchawi bila kutamka neno. Suma wangeuliza kilichomrudisha, na jibu likishatoka halirudi. Hakuna ambaye angekula tena kutoka mkononi mwa Tusekile, si msibani, si kanisani. Na Ackson, ambaye wakati ule alikuwa anaendesha mtambo wa kushindilia barabara kule upande wa Kyela, angerudi akute nyumba tupu na baba yake ameshiba maziwa.

"Mwambie asiondoke."

"Utakula?"

"Ulimi wangu ulikufa ganzi, dada. Siwezi kukudanganya."

"Basi na mimi sina la kumwambia." Akainuka.

"Hiyo chupa," Ambindwile alisema. "Niletee niione."

Ilikuwa chupa ya kioo, mfuniko mwekundu, ubavuni karatasi yenye maandishi asiyoyajua. Akaiinua juani. Chini palitulia vipande, juu mafuta. Aliigeuza, vipande vikashuka taratibu kama majani ya chai kwenye glasi. Akanusa. Kulikuwa na harufu ya kitunguu, na nyuma yake harufu nyingine kama ya ndimu iliyoanikwa. Moja angalau alikuwa anaifahamu.

Ijumaa asubuhi akashika njia ya Tukuyu, chupa ndani ya koti. Alikwenda kwanza dukani kwa Hafidhi, ambaye babu yake alikuja toka pwani na cherehani moja, na ambaye kwa kusoma hakuwa na mpinzani mtaani kwake.

"Shikamoo Mzee Mwasomola. Leo umekuja kunusa nini?"

"Marahaba. Nisomee hapa."

Hafidhi akavaa miwani, akavua, akavaa tena. "Mzee wangu, msahafu nausoma, barua za serikali nazisoma, lakini hizi, wallahi, ni nyayo za kuku. Waliniletea niuze nikakataa. Sijui mafuta yake yametoka kwa mnyama gani."

"Mnyama?"

"Nimesema sijui! Wenyewe si wapo pale kambini? Nenda. Ila umuulize mpishi, usiwaulize madereva, watakucheka."

Kambi ya barabara ilikuwa nje kidogo ya mji. Mpishi alikuwa Mchina mzee, mfupi, mwenye aproni, amekaa kwenye ndoo anamenya vitunguu saumu. Kiswahili chake chote kilikuwa maneno matatu: karibu, haraka na nzuri. Ambindwile akaweka chupa chini, akanyoosha kidole kwenye ulimi wake, kisha akalegeza shingo na kufumba macho kama maiti. Mchina akacheka hadi akajishika mbavu. Akamvuta mkono kuelekea jikoni.

Ambindwile alisimama mlangoni, mguu mmoja nje. Mpishi akapanga vitu juu ya sinia kimoja kimoja: pilipili kavu, vitunguu, vitunguu saumu, karanga, soya, chumvi, sukari kidogo. Hapo mikono ya mzee ikasahau woga. Akaingia, akaanza kuchambua kama zamani mezani kwake, akisukuma pembeni kila anachokijua. Soya zilitoka kwenye mashamba kama ya kwao. Mafuta yalikuwa ya alizeti, kwenye dumu la huku huku. Mwisho likabaki fungu moja dogo: maganda mekundu madogo kama punje za mtama, yamepasuka kama midomo iliyo wazi. Akainusa ile ndimu.

"Hii," alisema.

Mpishi akatia ganda moja ulimini mwake. Akampa na yeye moja. Ambindwile akalishika bila kulila mpaka alipoona koo la Mchina limepanda na kushuka. Ndipo akalitia mdomoni.

Ulimi ukaanza kucheza. Midomo ikafuata. Wakakaa wanatazamana, wazee wawili, kila mmoja ametoa ulimi nje kidogo. Ukapita muda wa kuchemsha chai, kisha ulimi ukarudi mdogo mdogo, ukiwa mzima, na ladha yake yote.

"Umerudi," alisema Ambindwile.

"Nzuri," alisema Mchina.

Kisha akamwonyesha. Alikaanga vitunguu vilivyokatwa vyembamba sana, moto mdogo, akaviopoa vikiwa bado na rangi ya majani makavu. Akafanya vivyo hivyo kwa vitunguu saumu, soya zilizolowekwa, na karanga. Pilipili iliyotwangwa akaiweka kwenye bakuli pamoja na yale maganda, akaimwagia mafuta ya moto. Shaaa! Jiko zima likapiga chafya. Wakati wa kuagana alimfungia maganda kidogo kwenye karatasi.

Njiani kurudi Ambindwile hakuwa ameamini. Macho yanaweza kuchezewa, hasa na mtu aliye jikoni kwake mwenyewe. Alitaka mikono yake iupate mlio ule ule, kwa vitunguu vya shamba lake na sufuria yake, ndipo atajua kuwa chupani hamna mifupa ya kitu.

Jumamosi kulipopambazuka akawasha moto. Tangu mkewe afariki hakuwa amepika zaidi ya chai. Vitunguu vya kwanza alivisubiri viwe kahawia ndani ya sufuria, vikatoka makaa, moshi ukavuka uzio, na upande wa pili mtu akakohoa. Akavitupa. Hata kuku walivikataa. Mara ya pili aliogopa akaviopoa mapema mno, vikalala kama nyuzi zilizolowa. Mara ya tatu aliukumbuka mkono wa yule mpishi, jinsi ulivyochota wakati bado unadhani havijaiva. Akaviacha kwenye sahani vipoe. Akachukua kimoja.

Kru.

Akacheka peke yake, halafu akakaza uso kama aliyeonwa, akamalizia vingine vyote alivyoonyeshwa, hata yale maganda.

Subilaga alifika kumsindikiza Tusekile akamkuta mdogo wake na bakuli la ndizi, mafuta mekundu juu.

"Peleka."

"Kwa nani?"

"Kwa mkwe wangu."

"Nani amepika?"

"Mimi."

Subilaga akalishika bakuli kwa mikono miwili kama vile lingeruka. Akapiga zile hatua kumi. Kupitia matete Ambindwile alisikia kila kitu, hata furushi likisogezwa mlangoni.

"Baba yako amekuletea chakula. Amepika yeye."

Furushi likaacha kusogezwa. Kisha sauti ya Tusekile, ya chini: "Shangazi, mwulizeni Baba ameweka nini humu."

Subilaga akarudi. "Anauliza umeweka nini."

"Nimesikia."

"Kusikia si kazi yako. Nijibu mimi."

Akamtajia vyote, hata sukari. Subilaga akaenda, akavitaja, akarudi. "Anauliza na kile cha kuua ulimi?"

"Kimo. Mwambie unakufa kidogo halafu unafufuka. Nimejaribu."

Akaenda. Akarudi, safari hii anatabasamu kwa mbali. "Anauliza wewe umekula?"

Hilo lilikuwa swali lenyewe. Ambindwile akaitazama chupa ya Tusekile pale chini. Alichopika mwenyewe alikijua. Hiki alikuwa amekiona kwa macho tu. Akafungua mfuniko, akachota kijiko kizima, akamwaga juu ya ndizi alizojibakizia. Kipande kimoja cheusi akakigeuza upande huu na huu kwa ukucha. Akakiacha. Kisha akahamisha kigoda hadi kwenye uzio kabisa, akala mdomo wazi, ulaji uliowafanya watoto wake wachapwe zamani: kru, kru, kru.

Akatafuna tena. Midomo ilianza kucheza, machozi yakamtoka, hakuacha.

Ndipo akasikia, dhaifu, nyuma ya matete, kama mtu anavunja kijiti kikavu: kru. Kikafuata kimya kirefu cha mtu anayeusubiri ulimi wake. Halafu kru nyingine.

Subilaga akaja anavuta miguu. "Anasema vitunguu vimeungua kidogo. Na umesahau chumvi."

"Atie chumvi basi."

"Anafungua furushi. Chumvi yake iko ndani, chini kabisa, chini ya nguo zote."

Ambindwile akapangusa macho kwa mkono. Jogoo mweupe alikuwa amesimama mbele ya kigoda, shingo juu, kama kila siku saa ya bakuli. Mzee akamsukuma kwa mguu.