Mtu wa Kunisainia Kampala

Kampala wanaponda ndizi. Sikusimuliwa, niliona kwa macho yangu siku ya kwanza: ndizi safi kabisa, zimemenywa vizuri, zimefungwa kwenye majani na kupikwa nusu siku, halafu mtu mzima mwenye akili zake anazikanda mpaka zinakuwa donge la manjano, kana kwamba mji mzima hauna jino hata moja. Kwetu Muleba ndizi inapikwa nzima na maharage, na inakaa kwenye sahani kama kitu chenye heshima zake. Nilikula hivyo hivyo. Moyoni nikasema, kama ndizi wanazifanya hivi, watu je?

Nilikuwa na miaka kumi na minane na cheti cha darasa la nane. Nilikuwa nimekwenda kujifunza ushonaji kwa miaka miwili, kwa sababu nilikuwa na ndoto na sikuona haya kumweleza yeyote aliyekaa karibu nami: duka langu pale Bilele, mjini Bukoba, kioo kirefu ukutani, cherehani mbili, na mabibi harusi wamepanga foleni kwenye benchi wakinisubiri. Mzee niliyekaa naye kwenye basi kutoka Kyaka hadi Masaka alisikia habari za kioo hicho mpaka akajifanya amelala. (Leo ninashona Bilele kweli. Cherehani moja. Kioo bado.)

Kwenye bweni la chuo nilipokelewa na mama mlezi, mjane mnene mwenye funguo kiunoni. Nilimpigia magoti kama mama alivyonifundisha, kwa maana kwetu mtoto wa kike hamwamkii mkubwa akiwa amesimama kama mgomba. Akanitazama nikiwa chini.

"Angalau magoti mmefundishwa," akasema.

Kisha akanisomea masharti. Mwanafunzi anayetoka nchi nyingine lazima alete ndugu yake mtu mzima anayeishi Kampala, aje mwenyewe, ajieleze na aweke saini. Nilipewa wiki tatu. Zikipita bila ndugu, ninapanda basi la kurudi, na nafasi yangu anapewa mwingine.

"Una ndugu hapa?"

"Ninao wengi, mama."

Uongo. Nilikuwa na mmoja, na sikumtaka.

Huyo mmoja alikuwa shangazi yangu, dada yake baba. Aliondoka Muleba kabla sijazaliwa. Kazi aliyoifanya Kampala haikutajwa nyumbani. Watu walisema tu "yuko huko," wakionyesha kaskazini kwa kidevu. Kibanja tunacholima alikinunua yeye. Mabati ya nyumba ya babu, yeye. Ada yangu ya shule, yeye. Akija Krismasi amevaa gomesi ya hariri, lile gauni refu la mabega yaliyosimama na mshipi mpana, ukoo mzima ulikuja kula nyama yake. Kabla hajavuka mpaka wa Mutukula kurudi, walikuwa wameshafuta mafuta midomoni na kuanza kumsema. Na mimi nilikuwa mmoja wao, nisijitoe. Nilikula na nikasikiliza.

Kabla sijaondoka baba aliniandikia mahali shangazi anapokaa kwenye kipande cha karatasi. "Ni kwa ajili ya kukwama tu," alisema bila kunitazama.

Sasa, Kampala jina baya la wanawake wa kwetu lilikuwa limeshanitangulia. Wasichana wa bwenini waliposikia nimetoka Bukoba waliangaliana. "Muziba," mmoja akanong'ona, ndivyo wanavyotuita sisi Wahaya. Jirani yangu wa kitanda akahamishia sanduku lake upande wa pili, kana kwamba nitaliambukiza.

"Umekuja na sindano?" akaniuliza yule aliyejiona mchekeshaji wao. "Ajabu! Wenzako huwa hawaji na sindano."

Wakacheka. Nilitazama pindo la sketi yake. Lilikuwa limeshonwa kwa nyuzi za rangi mbili, kama kidonda. Nikajisemea, mtu asiyeweza kulinganisha uzi asinifundishe tabia.

Basi, kila alasiri baada ya masomo nilitoka kutafuta mtu mwingine wa kunisainia, na hivyo ndivyo nilivyoujua mji ule. Wengine huutembea mji wa Kampala kwa kustaajabu. Mimi niliutembea nikiwa nimekunja uso. Wanajisifu vilima saba. Kwetu Muleba kilima hakisifiwi, kinapandwa tu na mwanamke mwenye mkungu kichwani. Ndege wao wa mji ni wakubwa wenye vipara, wanakula takataka mchana kutwa kisha wanasimama juu ya mapaa wamekunja mabawa kama mahakimu. Niliwatazama, nikaona wanaufaa mji wao.

Nilijikwaa mwenyewe mara moja, sitaficha. Nyumbani tulikuwa tumeshaanza kuitana ndugu, redio inasema ujamaa asubuhi na jioni, na mimi nilidhani neno hilo halina mpaka. Nikaingia duka la vifungo nikasema, "Ndugu, hivi vyeupe bei gani?" Muuzaji akawageukia wateja wote.

"Ndugu! Ndugu yako si yuko kwenu analima shamba la kijiji?"

Na Kiswahili changu, ambacho shuleni kilinipatia zawadi ya daftari, pale kilionekana lugha ya askari na wapagazi. Sikununua vifungo vile. Vilikuwa vya plastiki nyepesi, na vingine matundu yake hayakuwa katikati.

Mtu wa kwanza niliyemwendea alikuwa karani wa ofisi, mwenyeji wa Kitendaguro, aliyesoma na kaka yangu. Nilimsubiri nje ya ofisi saa mbili nzima. Alipotoka nikamwamkia kwa Kihaya. Akanijibu kwa Kiingereza. Nikamwambia kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kiingereza tena, akiangalia huku na huku kama anayevuka barabara. Nilipotaja saini ndipo Kihaya kikamrudia ghafla, tena kwa sauti ya chini.

"Dada, jina langu hapa nimelijenga kwa taabu. Siwezi kuliweka kwa wasichana wa kutoka kwetu. Leo ushonaji, kesho je?"

"Kesho pia ushonaji," nikamwambia. "Kozi ni miaka miwili."

Akaondoka. Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa. Kazi hiyo tulifundishwa wiki ya kwanza: kola ikichakaa unaifumua, unaigeuza, unaishona tena, na shati linapata maisha ya pili. Kugeuza kola si aibu. Aibu ni mshono wake, uliokwenda kama mtu aliyetoka kwenye rubisi, pombe yetu ya ndizi. Jina kubwa, kola mbovu.

Wa pili alikuwa mke wa mwalimu, mama wa Kanazi. Wao ni Walutheri na sisi ni Wakatoliki, lakini nilidhani ukishavuka mpaka, Mlutheri wa Kanazi ni mama yako kabisa. Alinipa chai na biskuti moja, akabaki amesimama ili nisizoee kiti. Nikaeleza shida yangu yote. Akanisikiliza vizuri, akauliza:

"Kwani shangazi yako amekufa?"

Nikaweka kikombe chini. "Hapana, mama."

"Basi nenda kwake, mwanangu. Sisi hapa tuna watoto wanaokua."

Niliiacha ile biskuti. Nilikuwa na njaa, lakini niliiacha, na nilipofika barabarani nililia kidogo, si kwa sababu yake, ila kwa sababu nilisikia sauti yangu mwenyewe kwenye sauti yake. Ndivyo nilivyokuwa nikimsema shangazi nikiwa nimeshiba.

Siku tatu zilikuwa zimebaki. Nikatoa kile kipande cha karatasi.

Shangazi alikaa bondeni nyuma ya soko, mtaa wa wanawake ambao kazi yao haitajwi, vyumba viwili na ua uliofagiwa mpaka ukang'aa. Alikuwa amechuchumaa mbele ya jiko la mkaa. Sufuriani nikaona ndizi nzima, na maharage. Nilianza kupiga magoti, akanidaka bega.

"Usipige magoti hapa. Majirani wana macho." Akanipa kigoda. "Una muda gani Kampala?"

"Wiki mbili na siku kadhaa, waitu," nikajibu, kwa neno letu la kumheshimu mkubwa.

"Nilijua siku uliyoshuka. Basi la Masaka limejaa watu wetu." Akageuza ndizi. "Nikasema, akinitaka atakuja."

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Nilikula sahani mbili. Kisha akanipa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na majani na kukaushwa, ambazo kwetu mgeni hapokelewi bila hizo. Alikuwa amezihifadhi kwenye kikapu kidogo chenye kifuniko. Nilikitambua, ulikuwa ususi wa bibi. Nikatafuna, nikamweleza habari ya saini. Akafikiri.

"Nitakuja. Lakini tukubaliane. Mimi ni jirani wa baba yako."

"Wanataka ndugu, waitu."

"Basi ndugu wa mbali, wa upande wa mke wa nani sijui. Wachanganye. Usiniite shangazi mbele yao. Na magoti usipige, unasikia? Magoti yatasema kila kitu. Wakijua wewe ni damu yangu, watakuhesabu umeshakuwa mimi."

"Ndiyo, waitu," nikajibu.

Nilijibu upesi mno. Na aliusikia ule upesi, kwa maana aliinuka akaanza kuosha sufuria ambayo bado ilikuwa na chakula.

Alikuja siku ya mwisho, asubuhi, wakati wa mapumziko. Wasichana walikuwa wamejaa madirishani kama kuku wanaosubiri pumba. Mama mlezi alikuwa amesimama uani, kwenye changarawe, na daftari lake. Nilikuwa nimejiandaa kuona hariri, hereni na viatu vyenye visigino. Badala yake akaingia mwanamke ambaye nusura nisimjue.

Alivaa gomesi ya pamba iliyopauka, si yake. Jicho langu lilikuwa limeshaharibiwa na ushonaji, likaenda moja kwa moja kwenye pindo: lilikuwa limefumuliwa na kushushwa ili lifike chini, na bado halikufika, alama ya mkunjo wa zamani ilionekana imezunguka nguo yote. Mwenye nguo alikuwa mfupi. Miguuni raba. Masikioni matundu matupu. Mwanamke aliyeivisha nusu ya ukoo wetu alikuwa ameazima nguo ya kimaskini, akakesha na sindano, ili asinitie aibu.

"Wewe ni nani kwake?" mama mlezi akamuuliza.

"Ndugu wa mbali kidogo. Tuseme jirani wa baba yake."

"Wa mbali kiasi gani?"

Shangazi akatazama chini. Krismasi zote zile, huku wakimsengenya nyuma ya migomba, sikuwahi kumwona akitazama chini. Dirishani mtu akacheka puani. Niliijua pua ile ni ya nani.

Sikupanga. Ningependa kusema nilipanga, lakini miguu ilikwenda yenyewe. Nilitoka kando ya mama mlezi nikapiga magoti mbele ya shangazi, magoti yote mawili, kwenye changarawe, na sketi yangu nyeupe ya chuo. Nikamwamkia kwa Kihaya, salamu ndefu anayopewa dada wa baba, sikukata hata neno moja. Nikamuuliza alivyolala, nikamuuliza habari za nyumba yake, nikamshukuru kwa kibanja, kwa bati na kwa shule.

"Inuka," akasema kwa sauti ya chini. "Inuka, mkaidi wewe."

Sikuinuka. Kwetu salamu haiachwi hewani. Mkubwa asipojibu, aliyepiga magoti anabaki chini. Mawe yalikuwa yananiuma vizuri sana. Alisimama pale akipambana na midomo yake, kisha akaniwekea mkono kichwani, akajibu. Alijibu yote, polepole, mpaka mwisho.

Kule madirishani wasichana wakaangaliana. Wao pia wana magoti. Kwa mambo yote waliyoyaharibu, hilo hawakuliharibu, na kila mmoja alijua alichokiona.

"Jirani hapigiwi magoti hivyo," mama mlezi akasema.

"Ni shangazi yangu, mama. Dada wa baba, tumbo moja. Ndiye aliyenisomesha."

Mama mlezi akampima shangazi kutoka kilemba hadi raba, kwa ule mtazamo wao wa Kampala ambao ningeweza kuukata kwa mkasi. Akafungua daftari.

"Kazi yako?"

Sasa kidevu cha shangazi kikapanda. Nikakiona tena kile cha Krismasi.

"Ninasomesha watoto wa kaka yangu," akasema.

Nilikuwa bado chini, nikihesabu mawe. Kisha mama mlezi akaandika, sijui aliandika nini, akageuza daftari na kumpa kalamu. Shangazi akaandika jina lake lote, na la babu, na mahali anapokaa, herufi moja moja, kubwa.

Wasichana walinisema mwezi mzima baadaye. Waliniita mpwa wa bondeni. Niliwadharau tangu siku ile na ninawadharau mpaka leo, kwa moyo mweupe. Yule mchekeshaji alimaliza chuo bila kujua kutengeneza tundu la kifungo.

Nilimsindikiza shangazi hadi getini. Nilidhani ataniambia neno zuri. Akaniinamia magotini, akaona damu kidogo na madoa mawili ya udongo yaliyoingia kwenye nyuzi.

"Sketi nyeupe!" akasema. "Kwenye changarawe! Na huyu ndiye anataka kushonea mabibi harusi!" Akatema mate kidoleni, akasugua doa. Halikutoka. Akaendelea kusugua, hakuinua uso. "Jumapili uje. Nitakupikia ndizi."

"Za kuponda?"

"Nimekuwa mwendawazimu?" akasema shangazi.